Sabufa ya Bluetooth na biti inayochelewa: usimlaumu dogo, laumu foleni

Najua wengi wenu mnasoma hapa huku jicho moja liko kwenye saa ya kafe isije ikakata dakika. Kwa hiyo leo naanza na jibu, maelezo baadaye.

Jibu ni hili: KAMA UNATENGENEZA MUZIKI KWENYE KOMPYUTA, USIPIGE KINANDA WALA USIREKODI SAUTI HUKU UNASIKILIZA KWA SPIKA YA BLUETOOTH. Chomeka waya. Kazi ikishaisha, isikilize kwa Bluetooth unavyotaka, hata mtaa mzima usikie.

Ambaye dakika zake zimeisha anaweza kusepa na hilo. Wenye muda tuendelee, maana kuna kisa nyuma yake, na kwenye hicho kisa mwenye kosa ni mimi.

DOGO MWENYE "MKONO MZITO"

Kuna dogo mmoja mtaani kwetu, jina nalihifadhi. Ana laptopu ya mtumba, programu ya FL Studio na kinanda kidogo cha MIDI cha kuchomeka kwa USB, vitufe 25 tu. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikuwa anakuja kwangu au mimi naenda kwao, namwelekeza mawili matatu ninayoyajua. Alikuwa anakwenda vizuri. Anasikiliza kwa hedifoni zake za waya, anagonga ngoma kwa kidole, biti inakaa.

Halafu hedifoni zikafa upande mmoja. Kaka yake, kwa nia njema kabisa, akanunua sabufa mpya yenye Bluetooth, akamwambia sasa utafanya kazi kama studio. Kweli besi ilikuwa nzito hadi vikombe kabatini vinacheza. Ila tangu siku hiyo dogo akawa anapiga nje ya biti. Kila nota inaangukia nyuma. Akijirekebisha anawahi sana, akitulia anachelewa.

Mimi mwalimu wake nikafanya nini? Nikamwambia mbele ya wenzake watatu: "Dogo, mkono wako mzito. Wengine muziki haumo damuni." Wakacheka. Na yeye akacheka.

Baada ya wiki tatu nikaona tangazo kwenye WhatsApp: anauza kinanda. Nikaenda kwao jioni, nikamwambia ngoja nikijaribu kabla hujakitoa, labda nitakichukua mimi. Nikakaa, nikaweka mdundo, nikaanza kupiga.

Wadau, nilishindwa! Mimi ambaye nimecheza na vinanda tangu niko sekondari. Kidole kinashuka, sauti haipo... halafu inakuja. Kidole kinashuka tena, inayokuja ni sauti ya kidole kilichopita. Nikahisi kama natembea gizani kwenye ngazi ambayo sijui ina vidato vingapi.

Dogo akaniangalia, akasema taratibu: "Kaka, si ulisema mkono wangu mzito? Na wako je?"

Sikuwa na jibu. Nikatoa waya wa AUX kwenye mkoba, nikachomeka laptopu kwenye sabufa ile ile, nikazima Bluetooth. Nikapiga. Biti ikakaa. Nikampisha yeye. Ikakaa pia.

Mkono ulikuwa mzima muda wote, kilichokuwa kinachelewa ni sauti. Sasa tuone inachelewa wapi.

KWANZA TUKUBALIANE KIPIMO

Kuchelewa huku tunakupima kwa milisekunde. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Utasema hicho kitu kidogo, nani atakisikia? Subiri.

Sauti ikisafiri hewani kwenye joto la nyuzi 20 inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Yaani kwa milisekunde moja inatembea kama sentimita 34. Kwa hiyo ukikaa mita 3 na kitu kutoka kwenye spika, sauti inakufikia baada ya milisekunde 10. Hilo limezoeleka, mpiga gitaa aliyesimama mita 3 kutoka kwenye spika yake halalamiki.

Sasa spika za Bluetooth za kawaida huchelewa kati ya milisekunde 100 na 250 hivi, inategemea simu au kompyuta, spika yenyewe na namna zinavyofungasha sauti. Chukua 200 kama mfano. Kwa hesabu yetu ya juu ni sawa na kuweka spika karibu mita 70 kutoka ulipokaa, halafu ujaribu kupiga kinanda kwa kuisikiliza. Hapo ni sawa na kukaa goli moja huku spika iko kule nusu ya pili ya uwanja.

Tuipeleke kwenye biti. Muziki wa midundo 120 kwa dakika una mdundo mmoja kila milisekunde 500. Ukiugawa mdundo huo mara nne, kama zile hai-hati zinazokimbia, kila kipande ni milisekunde 125. Kuchelewa 200 ni zaidi ya kipande kizima.

Na nyie watu wa singeli ndio mna kesi kubwa zaidi. Singeli ya Dar inakimbia midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwenye midundo 240, kutoka mdundo hadi mdundo ni milisekunde 250 tu. Ukichelewa 200 umepoteza sehemu nne kati ya tano za mdundo. Ukichelewa 250 kamili utajisikia uko kwenye biti safi kabisa, isipokuwa ni biti INAYOFUATA. Ndio maana mtu anapiga, anaona sawa, kesho akifungua kwenye hedifoni anashangaa nani kamwaga mchele.

KWANI MAWIMBI YANACHELEWA NJIANI?

Hapana. Hapa wengi wanakosea, hata mafundi wa spika.

Mawimbi ya redio yanakwenda kwa mwendo wa mwanga, kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka kwenye laptopu hadi kwenye sabufa upande wa pili wa chumba hayatumii hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tena sauti yenyewe ikitoka kwenye sabufa kuja sikioni ndiyo inayotambaa kuliko hayo mawimbi.

Ushahidi mwingine: maiki zile za kushika zisizo na waya, za mtindo wa zamani wa redio za FM, ambazo zimetumika miaka mingi makanisani na kwenye maharusi. MC anazungumza, spika inatoa pale pale. Hakuna waya na hakuna kuchelewa unakoweza kukusikia. Kwa hiyo kosa halipo kwenye kukosa waya. Lipo kwenye KUSUBIRI.

DALADALA HAIONDOKI MPAKA IJAE

Kompyuta haitumi sauti kama maji ya bomba yanavyotiririka. Inaikata vipande vidogo sana vinavyoitwa sampuli. Kwa ubora wa CD ni sampuli 44,100 kila sekunde. Haiwezi kuzituma moja moja, ingechoka. Inazikusanya kwenye kundi, kundi likijaa ndipo linaondoka. Eneo la kukusanyia linaitwa bafa.

Ni daladala kituoni. Konda hasogezi gari kwa abiria mmoja. Wewe uliyepanda wa kwanza unasubiri siti zijae. Gari dogo linajaa haraka, gari kubwa utakaa mpaka usinzie.

Na hesabu yake ni rahisi, gawanya idadi ya sampuli kwa 44,100:

- bafa ya sampuli 128 = milisekunde 2.9
- bafa ya sampuli 256 = milisekunde 5.8
- bafa ya sampuli 512 = milisekunde 11.6
- bafa ya sampuli 1024 = milisekunde 23.2
- bafa ya sampuli 2048 = milisekunde 46.4

Sasa fuata safari nzima ya nota moja ukiwa na sabufa ya Bluetooth:

1. Unabonyeza kitufe. Ujumbe wa MIDI unaingia kwenye kompyuta. Huu ni mwepesi mno. Hata kwa waya wa MIDI wa asili wa mwaka 1983, ujumbe wa nota moja unachukua kama milisekunde 1.

2. Programu ya muziki inatengeneza sauti, inaijaza kwenye bafa yake. Daladala ya kwanza.

3. Mfumo wa kompyuta unachanganya sauti hiyo na sauti nyingine, kengele ya ujumbe, wimbo uliouacha kwenye kivinjari. Daladala ya pili.

4. Sehemu ya Bluetooth inaibana sauti ili iwe ndogo. Njia ya kubania inaitwa kodeki, na ile ya lazima kwa spika za Bluetooth za mtindo uliozoeleka inaitwa SBC. Sauti iliyobanwa inafungwa kwenye vifurushi. Daladala ya tatu.

5. Vifurushi vinarushwa hewani kwenye masafa ya 2.4 GHz. Huko huko kuna Wi-Fi ya jirani, kipanya kisicho na waya, hata jiko la maikrowevu likiwashwa. Kifurushi kikigongana na fujo hiyo kinapotea, inabidi kirushwe tena.

6. Spika inavipokea na HAIPIGI mara moja. Inaviweka akiba kwanza. Halafu inavifungua, spika nyingine zinaongeza ujanja wao wa besi, ndipo sauti inatoka.

Hapo namba 6 ndipo panapokula muda mwingi, na kuna sababu ya msingi. Si unajua nyumba ambayo maji yanatoka kwa mgao? Mwenye akili anajaza pipa kwanza, halafu anatumia ya kwenye pipa. Bomba likikata kidogo, yeye anaendelea kuoga. Spika nayo inafanya vile vile. Vifurushi vinakuja kwa kushtukiza, vingine vinarudiwa. Bila akiba muziki ungekuwa unakatika katika kila mtu akipita mbele ya laptopu. Waliotengeneza mfumo walichagua hivi: bora uchelewe usikatike. Kwa anayesikiliza tu, huo ni uamuzi mzuri kabisa.

SASA MBONA KWENYE MUVI SIONI TATIZO?

Swali zuri, na dogo aliniuliza hilo hilo.

Ukisikiliza wimbo uliokwisha kurekodiwa, wote umechelewa kwa pamoja. Umebonyeza, robo sekunde baadaye umeanza. Nani anajali? Hakuna kitu pembeni cha kuulinganisha nacho.

Ukiangalia muvi, programu nyingi zinajua spika inachelewa, kwa hiyo zinaichelewesha na PICHA ili midomo ilingane na maneno. Umedanganywa kistaarabu. Tena macho yetu yana uvumilivu. Mwongozo wa kimataifa wa utangazaji wa mwaka 1998, unaotoka kwa shirika la mawasiliano la ITU, unaonyesha kwamba mtazamaji huanza kugundua pale sauti inapochelewa kama milisekunde 125 nyuma ya picha, lakini sauti ikitangulia anagundua mapema zaidi, kwenye 45 tu. Inaeleweka, tumezoea kumuona mpasua kuni kwa mbali shoka likitua kabla ya kusikia mlio. Kinyume chake hatujawahi kukiona duniani.

Lakini ukipiga kinanda, kompyuta itachelewesha nini? Haiwezi kukuchelewesha KIDOLE chako. Wewe upo sasa hivi, sauti yako ipo robo sekunde ijayo. Hapo hakuna ujanja. Ndio maana na magemu ya kubonyeza kwa kufuata muziki yanakuwa kimeo kwenye Bluetooth.

MWIMBAJI NA MPIGA KINANDA HAWAUMWI UGONJWA MMOJA

Hii sehemu isome polepole, ndiyo itakayokuokoa pesa.

Mwimbaji akisikiliza biti kwa sabufa inayochelewa milisekunde 200, anaimba vizuri tu kwa kufuata anachokisikia. Sauti yake anaisikia mwenyewe kichwani, hakuna mgogoro. Lakini kompyuta inaandika sauti yake milisekunde 200 nyuma ya biti. Ukija kusikiliza, mtu mzima anasikika kama kalewa. Huyu ANAOKOLEKA. Ivute sauti yake yote kushoto kwa kiasi kile kile ilichochelewa, italala kwenye biti.

Mpiga kinanda yeye anategemea sabufa asikie hata nota zake mwenyewe. Kidole kinasema sasa, sikio linasema bado. Ili nota isikike pamoja na biti inabidi abonyeze KABLA ya kuisikia biti, kwa kubahatisha. Mara anawahi, mara anachelewa, mara anapunguza mwendo akisubiri. Ukivuta nota zake kushoto bado zimevurugika, kwa sababu kila moja imekosea kwa kiasi chake. Huyo haokoleki kwa kuvuta, arudie.

Na ukimpa mwimbaji sauti yake mwenyewe kupitia hiyo sabufa, naye anaharibikiwa. Tangu miaka ya 1950 wanasayansi wanajua kwamba mtu akisikilizishwa sauti yake mwenyewe ikiwa imechelewa, hasa karibu milisekunde 200, anaanza kujikwaa na kuvuta maneno kama mwenye kigugumizi. Mwaka 2012 Wajapani wawili walipata tuzo ya utani ya Ig Nobel kwa kutengeneza mashine ya kumnyamazisha mzungumzaji kwa njia hiyo hiyo. Sasa wewe unamwekea msanii wako mashine hiyo halafu unamwambia hajui kuimba. Ndicho nilichomfanyia dogo.

SPIKA ZA WI-FI JE?

Kuna spika za nyumbani zinazotumia Wi-Fi badala ya Bluetooth, za kuweka sebuleni, chumbani na jikoni zote zikapiga wimbo mmoja. Watu wanadhani kwa kuwa Wi-Fi ina kasi basi hazicheleweshi. Ni kinyume.

Apple walianzisha mfumo wa namna hii mwaka 2004, wakauita AirTunes, na mwaka 2010 ukabadilika jina kuwa AirPlay. Mfumo ule wa asili uliweka akiba ya kama sekunde 2 nzima! Sababu ni kwamba spika zote lazima zipige PAMOJA. Spika ya jikoni ikipata vifurushi vyake mapema inakaa inamsubiri mwenzake wa sebuleni, halafu zinaanza kwa saa moja. Bila hivyo ukisimama mlangoni ungesikia wimbo mara mbili, kama kwenye uwanja wenye mwangwi. Masikio yanasamehe sauti mbili zikipishana kwa milisekunde 30 hivi, yanaziunganisha yaone ni moja. Mjerumani Helmut Haas alilichunguza jambo hilo mwaka 1949. Ikizidi hapo unaanza kusikia mwangwi.

Kwa sherehe ya nyumbani mfumo huo ni bomba. Kwa kupiga kinanda, sekunde 2 ni umri mzima.

PIMA MWENYEWE, USIAMINI BOKSI

Boksi la spika litakuambia wati, litakuambia betri, kuchelewa mara nyingi halikuambii. Pima hivi:

1. Weka simu karibu na kinanda chako, washa kinasa sauti. Sabufa iwe karibu, kama mita moja.
2. Bonyeza kitufe kimoja kwa NGUVU, ule mgongano wa kidole na plastiki usikike. Rudia mara tano, ukiachia nafasi.
3. Hamishia faili kwenye kompyuta, lifungue kwa Audacity, ni programu ya bure na nyepesi.
4. Kuza picha ya mawimbi. Utaona kilima kidogo cha kidole, halafu kilima kikubwa cha spika. Chagua kutoka mwanzo wa kilima cha kwanza hadi mwanzo wa cha pili, chini itakuandikia urefu.
5. Fanya kwa zote tano, jumlisha, gawanya kwa tano.

Halafu rudia kwa waya. Sabufa ya dogo kwa Bluetooth ilitupa 230 na ushee. Kwa waya, kompyuta ile ile, sabufa ile ile, ikashuka hadi 40. Na hiyo 40 iliyobaki haikuwa ya sabufa, ilikuwa ya laptopu. Nayo tukaishughulikia, soma chini.

DAWA, KUANZIA YA BEI RAHISI

Waya. Sabufa karibu zote zenye Bluetooth zina tundu la AUX au yale matundu mawili, jekundu na jeupe. Waya wake ni bei ya chipsi mayai. Angalizo: spika chache hata ukichomeka waya zinaigeuza sauti kuwa ya kidijiti ndani na kuichelewesha kidogo, kwa hiyo pima.

Hedifoni za waya. Hata zile za simu za bei chee zinashinda spika ya Bluetooth ya bei mbaya kwenye kazi hii.

Draiva ya ASIO. Wenye Windows, mfumo huu ulianzishwa na Steinberg wa Ujerumani mwaka 1997, unairuhusu programu ya muziki ikwepe foleni ya mfumo. FL Studio inakuja na ya kwake, na ipo ya bure iitwayo ASIO4ALL. Ichague kwenye mipangilio ya sauti. Kwa dogo tulitoka 40 tukafika kama 15.

Punguza bafa unaporekodi, iongeze unapochanganya. Anza na 256. Sauti ikikwaruza kama mafuta ya kukaangia samaki, laptopu imezidiwa, panda hadi 512. Ukimaliza kurekodi weka 1024 au 2048, hapo kuchelewa hakukuumizi tena.

Maiki ya Bluetooth usiiguse. Ukitumia maiki ya hedifoni za Bluetooth za mfumo ule uliozoeleka, zinahamia kwenye hali ya kupiga simu na muziki wote unashuka ubora, unasikika kama redio ya mbao. Zaidi ya hapo unachelewa kwenda na kurudi.

Umeisharekodi na pesa ya msanii umelipa? Usilie. Pima kuchelewa kwa spika yako, vuta sauti kushoto kwa kiasi hicho, sikiliza kwa waya, sogeza kidogo kidogo hadi ikae. Programu hurekebisha zenyewe kuchelewa kunakotokana na bafa zake, lakini ule wa Bluetooth mara nyingi haziujui, utauvuta wewe.

Unataka lazima bila waya? Kuna vifaa vya kidijiti vya wanamuziki, vya kuchomeka kwenye gitaa au kinanda, ambavyo huchelewa milisekunde chache tu. Vinarusha sauti bila akiba kubwa, ila huenda na kipokeo chake maalumu. Na upande wa Bluetooth yenyewe, mwaka 2020 ulitangazwa mfumo mpya wa sauti uitwao LE Audio wenye kodeki ya LC3, ambao unaweza kushusha kuchelewa sana. Lakini kumbuka: PANDE ZOTE MBILI lazima ziwe nao, kompyuta na spika. Ukiwa nao upande mmoja tu, mnarudi kwenye foleni ya zamani.

MWISHO WA KISA

Tangazo la kuuza kinanda dogo alilifuta usiku ule ule. Jumapili iliyofuata niliwaita wale wenzake watatu, nikaweka sabufa kwa Bluetooth, nikawaambia kila mmoja apige. Wote "mikono mizito". Halafu nikachomeka waya, nikawaambia warudie. Nikasema mbele yao kwamba niliyoyasema siku ile yalikuwa makosa, na aliyekosea ni mimi.

Nisiwadanganye, dogo bado anakosea. Kodi zake za mkono wa kushoto zinahitaji mazoezi mengi, na akifurahi anakimbiza biti. Lakini sasa akikosea anajua kosa ni lake, na kosa lako mwenyewe unaweza kulifanyia mazoezi. Kosa la sabufa ungelifanyia mazoezi mpaka uzeeke.

Kwa hiyo wewe prodyuza, mwalimu, kaka mkubwa: kabla hujamwambia mtu muziki haumo damuni, angalia kwanza kama waya umo kwenye tundu.

Mkipima spika zenu wekeni namba kwenye maoni hapo chini, andikeni na aina ya kompyuta, tulinganishe. Wa singeli nawasubiri kwa hamu.

Kazi kwenu wadau. Nawakilisha.